Kliniki ya kinamama Tanga mjini: dokta safi, mapokezi mmh

Jina la kliniki siandiki, mtoto ana heshima yake na Tanga hii ukitaja mtaa tu watu washajua nyumba. Mwenye shida ya kweli aniulize pembeni ntamwelekeza. Ila lazima nisifie nilichokiona.

Ishu yenyewe ni binti wa dada yangu, yuko fomfoo na hajavunja ungo. Matiti yapo, kimo ndo usiseme kawapita kaka zake, ila kwapani kweupe. Nyumbani kila mtu na lake, bibi yake anasema kafungwa, somo yake anasema subirini kila mtu na siku yake, duka moja la dawa wakatuuzia vidonge vya kushusha damu akanywa hakikushuka kitu. Mi nkasema basi, nkampakia kwenye bajaji tukaenda.

Mapokezi sasa. Yule dada kapokea hela (elfu thelathini kumwona dokta, ultrasaundi unalipia mbali) halafu kwa sauti ya mnadani, "huyu ndo hapati siku zake?" Benchi zima likageuka. Mtoto kavuta mtandio mpaka machoni. Hapo nilitaka kuondoka kwakweli.

Dokta ni mama mtu mzima, mtoto akampa shikamoo, akaitikia kisha akamuuliza YEYE, sio mimi, unataka mama mdogo abaki au atoke nje? Akasema abaki. Maswali yakaenda weee, mara akauliza ushawahi kupasuliwa? Mtoto akaonyesha makovu ya ngiri, moja kila upande wa kinena, alishonwa akiwa mdogo. Dokta akaacha kuandika. Sisi ile ngiri tulishaisahau, kumbe msichana mwenye ngiri pande zote mbili ni wa kuangaliwa vizuri, maana wachache wao kilichoshuka pale sio utumbo, ni korodani.

Ultrasaundi ikaonyesha hamna kizazi. Damu ikaonyesha testosteroni, ile homoni ya kiume, iko kiwango cha wanaume. Kipimo cha kromosomu, ambacho kinasafirishwa na bei yake shikeni moyo, kikarudi XY, yaani kromosomu za kiume. Inaitwa androjeni insensitiviti, yaani mwili hauzisikii homoni za kiume, na yake ni ile kamili, hauzisikii kabisa. Ni adimu, makadirio yanaanzia 1 kati ya 20,000 ya wanaozaliwa na XY na wengine wanasema ni adimu zaidi ya hapo.

Alivyotuelewesha ndo nampa nyota. Kachukua karatasi kageuza nyuma kachora. Mimba ikiwa changa watoto wote wako sawa, mwenye XY anaota korodani, zile zinatoa homoni moja ya kuzuia kizazi kisiumbike na ingine ndo hiyo testosteroni ya kumfanya awe wa kiume. Ya kwanza imefanya kazi yake ndo maana kizazi hakuna, ya pili ipo tele lakini mwili hauisikii, ni funguo nzima kwenye kitasa kibovu, kwahiyo kaumbika wa kike kwa nje, na alipobalehe mwili ukaigeuza ile testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na matiti yakaja yenyewe. Jeni (ile ya kurithi) yenye hitilafu inakaa kwenye kromosomu X, mara nyingi mama anayo bila kujua, mara ingine inatokea mpya tu. Dada yangu alikuwa keshajitafutia dhambi zote za ujana wake, nilipompigia kumwambia hilo alilia mpaka simu ikakata.

Upasuaji hakuukimbilia. Kasema hatari ya saratani kwenye zile korodani za ndani ni ndogo umri huu, inaongezeka ukubwani, kwahiyo zinaweza kubaki kwa uangalizi na mtoto akafikisha utu uzima akaamua mwenyewe, na zikitolewa itabidi anywe estrojeni la sivyo mifupa inaisha nguvu. Mtoto akauliza kwa sauti ndogo, ntaolewa? Dokta kamjibu bila kuzunguka, utaolewa ukitaka, tendo la ndoa linawezekana, wengine wanahitaji vipanuzi kidogo kidogo kwanza, kubeba mimba hapana. Wewe ni mwanamke kama ulivyojijua, na nani aambiwe ni shauri lako. Akanigeukia, "hata kungwi, mama." Nkanyamaza maana nilishaanza kupanga nani wa kumwambia.

Mabaya mengine: hawana mtu wa ushauri nasaha, ukitoka pale na mzigo huo unarudi nao nyumbani hivyo hivyo. Majibu yote kizungu kitupu, bila ile michoro ya dokta tungeelewa XY tu tukazimia.

Nyota nne, moja nimeikata mapokezi. Mkienda wahini asubuhi kabla benchi halijajaa, shida yenu muandikie kwenye kikaratasi mumpe yule dada, na kama mtoto alishapasuliwa ngiri bebeni kadi yake ya zamani hata kama imeliwa na mende.