Fundi vioo wa Gerezani, Dar, na vioo vya Peugeot 504: kazi nimeikubali, ila kuna vitu arekebishe

Wakuu, wenye magari ya zamani mnajua vioo vinavyotesa. Spea za injini ya 504 ukizunguka Dar hii hukosi hata za kuokoteza, lakini kioo cha saiti mira cha umbo lile lile hupati, utapewa cha kufanana kinaacha pengo pembeni na ukifika spidi 80 kinatetemeka mpaka gari la nyuma yako unaliona mawili. Langu ni steshen wagoni, alilinunua mzee, na vioo vya milangoni bado vina chapa ya Sekurit ya kiwandani pale kwenye kona, kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu wa kuvitengeneza, sio wa kuning'olea.

Saiti mira zilikuwa zimeota madoa meusi kuanzia pembeni, maji yakishaingia nyuma ya kioo ile rangi ya fedha inaliwa pole pole na hakuna dawa, ni kukata kipya. Jamaa wa Gerezani alichofanya kwanza alitoa kile cha zamani akakichora kwenye karatasi ngumu, akapunguza kidogo pembezoni ili kiingie kwenye kava bila kubanwa, ndo akakata kwa almasi kwenye kioo cha milimita 2. Hapa nilimpa heshima, maana kuna fundi mwingine huko nyuma (simtaji) alitaka kunilazimishia kioo cha bafuni cha milimita 4 ambacho kwenye lile kava hakikai hata ufanyeje! Huyu akapiga msasa kona zote, akapaka rangi ukingo mzima ili maji yasipenye tena, akabandika kwa tepu ya pande mbili. Nilimuuliza mbona hatumii silikoni, akasema "bosi, ile inayonuka kama siki inakula mgongo wa kioo, baada ya muda utarudi hapa hapa."

Upande wa abiria kazi ni nyingine kwa sababu kile kioo kimebinuka, na cha kubinuka huwezi kukikata kwenye shiti bapa. Alichukua kioo cha Fuso kilichopasuka upande mmoja, akatafuta sehemu nzima akakata humo. Kinaonyesha eneo kubwa zaidi, ila kumbuka magari yanaonekana madogo na mbali kuliko yalivyo, ukitaka kuhama leni usikiamini peke yake.

Sasa mikwaruzo. Vioo vya milango ya mbele vilikuwa na mistari ya kwenda juu na chini, na hiyo ni mchanga unaojificha kwenye ile felti ya kwenye njia ya kioo, kila ukishusha na kupandisha unakwangua. Anapitisha ukucha kwanza, ukucha ukikwama anakwambia hapo mstari utapungua tu hautaisha. Ile midogo anasugua kwa poda ya seriamu oksaidi iliyokorogwa na maji, mashine inazunguka taratibu, na kila saa anashika kioo kwa upande wa ndani kusikia kama kinapata joto, kikipata anaacha anamwagia maji. Mistari midogo imeisha kabisa, imebaki miwili iliyozama ambayo lazima uitafute kwenye jua ndo uione. Na felti kanibadilishia, asingebadilisha mimi ningeona hela yangu imeenda bure.

Kilichonifanya niandike yote haya ni kioo cha mbele. Waipa ilishachora upinde pale mbele ya macho ya dereva, nikamwambia fundi sugua na hapo, akakataa katakata. Mkwaruzo uliozama ukiusugua sehemu moja unachimba bonde kwenye kioo, usiku taa za gari linalokuja zinapinda na kutawanyika usoni kwako, hiyo ni hatari kuliko mkwaruzo wenyewe. Hela ilikuwa mkononi na akaiacha! Mafundi wa hivyo ni wachache sana mjini.

Mabaya yake sasa. Hafuniki gari vizuri, ule uji wa poda umekaukia kwenye raba na kwenye rangi ya mlango, nimeusugua mwenyewe kwa brashi ya meno. Risiti hana. Halafu muda anaokuahidi usiupangie safari, akisema mchana we jua jioni.

Saiti mira mbili alichukua 50,000, milango ya mbele na felti zake 90,000, kwa kazi ya mikono ile naona ni haki.

Kama vioo vyako vimechongwa namba za gari kwa ajili ya wezi, usimpelekee akufutie. Ile michongo ni mirefu kwenda ndani na haisuguliki, na vioo vya milangoni vimechomwa kiwandani ili viwe vigumu, ukijaribu kukata upya kinamwagika chote vipande vidogo vidogo. Hapo tafuta mlango mzima kwenye gari bovu uchukue kioo chake.