Yamaha P-45 kwa mtoto wa miaka sita: uchache wa vitufe ndio uliotufaa

Kama unamtafutia mtoto piano na nyumba yenyewe ni ndogo kama yetu hapa South B, Nairobi, chukua Yamaha P-45, piano ya umeme. Inalia vizuri, ndiyo, lakini mimi naisifu zaidi kwa sababu haina vya kuchezea.

Kabla yake tulikuwa na kinanda tulichoazimwa na shemeji, kile cha milio chungu nzima: ngoma, filimbi, hata mbwa akibweka. Binti yangu akiketi kufanya mazoezi, mkono wa kulia unapiga noti tatu, wa kushoto tayari uko kwenye vitufe unamtafuta mbwa. Ukimkataza, machozi. P-45 ina milio kumi pekee, na kwa nje utaona kitufe cha kuwasha, kidhibiti cha kuongeza na kupunguza sauti, na kitufe kimoja cha shughuli nyingine zote. Ukitaka kubadilisha chochote unakishikilia hicho huku ukibonyeza kibonye fulani cha piano. Hata metronomu, ile inayogonga mapigo ya kufuata mwendo, huwashwa hivyo hivyo. Kwa mtu mzima ni usumbufu, itabidi usome kijitabu chake. Kwa mtoto wa umri huu ni heri tupu, maana hana pa kukimbilia ila kwenye wimbo wake.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji sana. Vibonye vyote 88 vinaweza kugawanywa pande mbili zenye noti za kimo kile kile. Mwalimu wake anayekuja Jumamosi huketi kushoto, anapiga kipande kifupi, mtoto anamjibu kulia bila wao kugongana viwiko. Siku za kazi naketi mimi. Piano siijui, kwa hiyo yeye ndiye ananifundisha, na akishakuwa mwalimu huwezi kumtoa kwenye kiti.

Tukiwa na kipande kigumu, napanga maharagwe matano ya nyayo juu ya piano, upande wa kushoto. Akikipiga sawasawa, anasogeza haragwe moja kulia. Akikosea halisogei, lakini yaliyokwisha kuvuka hayarudi. "Baba, limebaki moja!" Hapo ndipo anapopunguza mwendo mwenyewe, ulimi nje, macho kwenye vidole. Ni mistari miwili mitatu tu, kamwe si wimbo mzima. Yakivuka yote tunafunga, hata kama ni dakika kumi tu zimepita. Anayeachishwa akiwa bado na hamu hurudi kesho bila kuvutwa.

Miguu nayo msiisahau. Ikining'inia mtoto hupinda mgongo, huteleza, kisha huomba maji. Sisi tumeweka kreti ya soda iliyogeuzwa chini ya miguu na mto kitini, mpaka viwiko vikalingana na vibonye. Kunyanyuka-nyanyuka kumepungua sana.

Vibonye vina uzito, vya sauti nzito vikiwa vigumu kidogo kuliko vya sauti nyembamba, kama piano halisi. Vidole vyake vilichoka mwanzoni, sasa vimezoea.

Upungufu upo. Haitumii betri, kwa hiyo stima ikipotea mazoezi yameishia hapo. Tundu la vipokea sauti vya masikioni ni moja, tena pana, utahitaji kiunganishi cha kuingizia vile vya simu. Sisi tunamwacha apige wazi jioni mapema. Majirani wa juu hawajalalamika.

Yamaha walitoa P-145 mwaka 2023 ichukue nafasi yake, kwa hiyo nyingi utakazouziwa sasa zimetumika. Yetu pia ilitumika. Ina kilo 11.5, unaibeba mwenyewe hadi kwenye matatu ukipata kiti cha nyuma. Kabla hujalipa, bonyeza kila kibonye polepole halafu kwa nguvu, sikiliza kama kuna kinachogonga, na uhakikishe unapewa adapta yake na kanyagio.