Fundi wa vitenge pale Mwanga, kwa sisi wenye mabega mapana

Kama uko Kigoma na nguo za dukani hazikukai, nenda kwa mama huyu anayeshona upande wa Mwanga. Jina simtaji, hajanituma.

Mimi ni mwanamke transi; nilipozaliwa nilihesabiwa mvulana. Miaka mingi kila fundi nilimpa agizo lilelile: gauni lipwaye, liwe jeusi, shingo iwe juu. Sikuwa nalipenda. Nilishaamini kuwa nguo ya kukaa mwilini ni haki ya wanawake wengine, mimi nikiivaa naigiza. Hata nikimwona mwenzangu kapendeza nilimkagua taya, viganja, sauti, nikitafuta kasoro nilizozichukia kwangu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa ambayo haituweki tena kwenye magonjwa ya akili. Niliposoma, akili ilikubali. Mwili uliendelea kujikunja.

Mama huyu alishika futi akaanza na bega. "Simama wima, mwanangu. Ukijikunja vipimo vinadanganya." Nikamwomba anifichie mabega. Akasema mabega kama haya nitayakuta Kibirizi asubuhi, kwa akina mama wanaobeba mabeseni ya dagaa, na wote anawashonea. Akaendelea kupima.

Ufundi wake ndio huu: kitenge changu cha Kongo kina maua makubwa, akakikata ili ua liangukie nyongani, juu pakabaki sehemu tulivu. Shingo ya V, mikono isiyo na mafundo begani, marinda kuanzia nyonga. Ndani bitana safi, mshono haukwaruzi. Nililivaa mchana kweupe, mgongo umenyooka, nikajiona mwanamke aliyevaa gauni lake.

Ile sauti ya kunidharau bado hunijia. Sasa naijua ni ya watu walionicheka utotoni, kwa hiyo siipi kiti. Na yule mwenzangu niliyekuwa namkagua nimempeleka kwa fundi huyuhuyu. Tulichagua kitenge pamoja, cha njano, kinamfaa sana.

Kasoro zipo. Siku anayokuahidi ongeza mbili, umeme ukikatika ongeza nyingine. Pa kujaribia nguo ni nyuma ya pazia la khanga, na kioo ni kifupi, huoni pindo. Kitenge unaleta mwenyewe, bei mnapatana kabla hajakata. Ukitaka mifuko mwambie mapema, anaiweka vizuri.