Nge, kitambaa na muuguzi wa mapokezi

Mwanangu wa miaka minne aliumwa na nge kwenye kidole cha mguu jioni moja ya msimu wa karafuu, tulipokuwa tukikunja majamvi uani. Nilifanya nililowaona wazee wakilifanya: nikamfunga kitambaa juu ya kifundo, nikakikaza kwa nguvu zangu zote, tukakimbilia hospitali moja hapa Pemba ambayo jina lake ninalisitiri.

Muuguzi aliyekuwa mapokezi hakuitikia hata salamu. Alikitazama kile kitambaa, akachukua mkasi akakikata, huku akiniuliza kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa, "Baba, huyu ni mtoto au gunia la karafuu?" Watu wakacheka. Kisha akatuonesha benchi, akasema nge si nyoka, tungoje zamu yetu.

Hasira ya benchi lile haijanitoka mpaka leo. Mtu mzima akiumwa na nge, mara nyingi huugulia maumivu na ganzi, kisha yakapita. Lakini kwa mtoto sumu ni ile ile na mwili ni mdogo, na tulipokuwa tunangoja mwanangu alianza kulowa jasho, kudondokwa na udenda na kutapika. Mtoto wa hali hiyo hungojeshwa zamu? Nilipopaza sauti (na nilipaza kweli, sikatai) ndipo alipotoka daktari kijana, akamsikiliza moyo, akampima presha, akamchoma sindano ya ganzi kwenye kidole, na haukupita muda kilio kikakatika. Akaagiza tulale pale, kwa kuwa dalili zile zilitaka moyo na pumzi viangaliwe.

Kwa daktari sina neno ila dua. Ama kuhusu mapokezi, nilikusudia kumwandikia kila mzazi aiepuke hospitali ile. Linalonikwamisha ni kwamba aliyekuja usiku kucha kumhesabia mwanangu pumzi alikuwa muuguzi yule yule, na daktari naye alinieleza kwamba kitambaa hakizuii sumu ya nge, bali huzuia damu na kuudhuru mguu. Basi kwa kitambaa alisema kweli. Kwa benchi alitudhulumu, na kwa gunia alinivunjia heshima mbele za watu, wala hakuniomba radhi hata tulipokuwa tunaaga asubuhi. Alimpa mtoto biskuti tu, na mtoto, asiyejua kwamba babake amenuna, akaipokea kwa mikono miwili akamwita shangazi.