Nililipa laki tatu kwa saa moja ya ushauri, na sijutii

Nauza vitenge Kikuubo, sokoni hapa Kampala. Mdogo wangu, niliyemsomesha kwa vitenge hivyohivyo, anamaliza chuo mwaka huu Winnipeg, Kanada, na anataka ukaazi wa kudumu. Ofisi ya kwanza ya ushauri wa uhamiaji niliyoingia hapa mjini iliniomba shilingi milioni tatu na kuniahidi kwamba karatasi zitatoka tu. Nilipotaka risiti, yule kijana akabadilisha mazungumzo. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Ninayoisifu ni ya pili, Wandegeya, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na viti vinne. Mama wa pale anakagua makaratasi, kisha anakuunganisha kwa video na mshauri aliyeko Kanada. Kabla sijatoa hata shilingi alinifungulia orodha ya washauri waliosajiliwa huko, nikaandika mwenyewe namba ya leseni, jina likatokea. Sheria ya Kanada haimruhusu mtu asiye na leseni kutoza pesa kwa ushauri wa namna hii. Hilo nilikuwa silijui, na wazazi wengi ninaokutana nao sokoni hawalijui.

Mdogo wangu naye alikuwa hewani. Hesabu yake ilikuwa kwamba miezi 14 aliyokaa kwenye mashine ya malipo dukani, huku akisoma, imeshatimiza ule mwaka wa kazi unaotakiwa ili kuomba ukaazi. Mshauri alimwacha amalize, kisha akamweleza polepole: saa ulizofanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa hazihesabiwi, na kazi ile ya dukani haimo katika kazi za ujuzi. Anatakiwa saa 1,560 za kazi ya ujuzi baada ya kuhitimu, yaani kama saa 30 kwa wiki mwaka mzima. Nilimwona mdogo wangu kwenye kioo cha kompyuta akijipangusa paji la uso.

Halafu mshauri akasema, "Chukua pasipoti, nisomee tarehe ya mwisho." Imebaki miezi 11! Kumbe kile kibali cha kazi baada ya masomo hutolewa mara moja tu maishani, na hakipiti tarehe ya pasipoti. Kozi yake ya miaka miwili inampa haki ya miaka 3. Angeomba hivyo hivyo, angeandikiwa miezi 11 kisha aanze kuhangaikia nyongeza. Sasa anatengeneza pasipoti kwanza, kwa kuwa ana siku 180 za kuomba kibali tangu chuo kithibitishe kuwa amemaliza.

Nikauliza, atapata ukaazi? "Dada, hilo siwezi kukuahidi. Pointi anazotakiwa mwombaji kuwa nazo hupanda na kushuka." Hapo ndipo nilipomwamini.

Intaneti ilikatika mara mbili, na hawakupi muhtasari wa maandishi. Mimi niliandika yote nyuma ya kitabu changu cha risiti. Hilo walirekebishe. Miadi huanza saa kumi na moja jioni, maana Winnipeg ndiyo kwanza asubuhi. Nenda na nakala ya pasipoti na ya matokeo ya chuo.