unittest.mock ya Python: bandia mtiifu kupita kiasi

Naandika programu za upande wa seva hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya msimbo ninaoutunza inakusanya malipo ya M-Pesa ya wanachama wa sako (chama cha akiba na mikopo). Fanksheni iliyobeba kazi yote ni ndefu kama gari moshi: inasoma saa ili iunde nenosiri la ombi, inaingia mtandaoni, inaandika kwenye hifadhidata, halafu inatuma SMS. Aliyeiandika alishaondoka zamani, na hakuacha jaribio hata moja. Ukitaka kuipima jinsi ilivyo, ushike simu mkononi ungojee kisanduku cha PIN kitokee. Na yale matokeo yanayokunyima usingizi ndiyo magumu kuyaita kwa hiari yako: mteja aliyeghairi (msimbo wa jibu 1032), aliyeishiwa salio (1), asiyepatikana kabisa (1037).

Kwa kazi hiyo ya kupima, unittest.mock, maktaba ya Python ya kutengeneza vitu bandia vya majaribio, hainigharimu kitu. Iliandikwa na Michael Foord kama kifurushi cha kujitegemea, ikaingizwa ndani ya Python yenyewe toleo la 3.3, mwaka 2012. Huna cha kusakinisha. Unakiondoa kitu halisi kwa `patch` (ndiko kubandika), unaweka bandia mahali pake, kwa kawaida aina iitwayo MagicMock, na jaribio likiisha kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni `side_effect`, inayoiambia bandia ifanye nini kila inapoitwa. Unaipa orodha: mara ya kwanza rusha kosa la `Timeout` (muda wa kungoja umeisha), mara ya pili rudisha jibu la kawaida. Hapo unaweza kuuliza swali la pesa: mtandao ukikatika katikati, je, msimbo unatuma ombi jipya papo hapo, mwanachama akatwe mara mbili, au unauliza kwanza hali ya lile ombi la awali? Ukimaliza unaandika `assert_called_once()`, yaani hakikisha imeitwa mara moja tu, juu ya ile bandia ya kutuma, na jibu unalo kabla kikombe cha chai hakijapoa. Unaweza pia kukagua vigezo vilivyopelekwa: namba ya simu ilibadilishwa ikaanza na 254, au ilikwenda na 07 yake vilevile?

Sasa kero. Ya kwanza humpata kila mgeni: `patch` inafanya kazi mahali jina linapotumiwa, si mahali lilipozaliwa. Kama faili ya malipo imeandika `from requests import post`, ukibandika `requests.post` hutakuwa umegusa kitu, na ombi la kweli litaondoka. Unatakiwa ubandike `malipo.post`. Nyaraka rasmi zinalieleza hili vizuri, ila zimelitia mbali kule chini.

Kero ya pili ni nzito zaidi. MagicMock haijui kukataa. Iulize sifa isiyokuwepo, itakuundia. Iweke ndani ya `if`, itasema ndiyo. Igeuze kuwa namba kwa `int()`, itakupa 1. Fikiria maana yake kwenye mfumo wa pesa: umesahau kuweka kiasi kwenye jibu bandia, msimbo unasajili shilingi moja, na jaribio linapita kijani kibichi! Dawa ya nusu ni `autospec=True`, inayoilazimisha bandia ifuate vigezo vya fanksheni halisi; mwenzako akiongeza kigezo cha lazima, jaribio linaanguka kwa TypeError kama inavyostahili. Lakini thamani inayorudishwa haiji na ulinzi huo kwa fanksheni ya kawaida. Majibu ya malipo huwa nayaandika kama kamusi kamili zenye tarakimu halisi, bandia isipate nafasi ya kubuni. Mimi ningeifanya autospec iwe ndiyo hali ya kawaida, na anayetaka ulegevu auombe mwenyewe. Kwa hilo peke yake naikata nyota moja kati ya tano, nne naipa.

Saa nayo ina vituko vyake. Jaribu kubandika `datetime.datetime.now` moja kwa moja, Python inakurudishia kosa kwamba aina hiyo haibadilishwi. Njia safi ni fanksheni kupokea saa kama kigezo. Kusema kweli, ugumu huo ndio uliotusukuma tuikate ile fanksheni ndefu: kipande cha kuunda ombi sasa kinapokea saa, namba na kiasi, hakijui mtandao, na majaribio yake hayahitaji bandia hata moja. Bandia zimebaki mlangoni tu, kwenye malipo na SMS. Kwa wanaotumia `async` (fanksheni zinazongoja bila kuzuia kazi nyingine), kuna AsyncMock tangu toleo la 3.8, nayo haijanisumbua.

Hifadhidata siibandii. Nilikuta mahali watu wameiigiza hadi `cursor` (kile kinachopeleka maagizo ya SQL), na jaribio lilichothibitisha ni kwamba maneno ya SQL yaliyoandikwa ndiyo yaliyoandikwa. Naiwekea SQLite, hifadhidata ndogo ya kweli, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, naandika safu, naisoma tena. Ni polepole kidogo, lakini safu ikikosa namba ya muamala naiona.