Shimo la Mungu, Newala: usiishie kupiga picha

Wengi wanaofika Newala, mkoani Mtwara, hupakiwa bodaboda hadi ukingoni mwa Shimo la Mungu, karibu na boma la Wajerumani, wanapiga picha mbili na kugeuza. Wanakosa nusu ya utamu. Hapa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, unakatika ghafla. Chini yako bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Hakuna mbwembwe za kitalii, na pazuri hivyohivyo.

Fika kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mapema zaidi ukungu unaweza kufunika bonde lote. Jioni jua linakupiga machoni. Mei na Juni, mvua zikishakatika, hewa huwa safi. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa hufifisha kila kitu.

Raha yenyewe ni kushuka kwa miguu, na hapo ndipo watu huumia. Kwenye mteremko, mchanga na vijiwe hukaa juu ya udongo mgumu, kwa hiyo mguu huteleza hata kiangazi. Vaa raba zenye meno, yeboyebo ziache gesti. Piga hatua fupi, kunja goti kidogo bila kulinyoosha, weka mguu kiupande palipo pakali. Fimbo ya kufika kiunoni inasaidia sana. Mkiwa wengi, achaneni mita tatu hivi, maana jiwe linaloachia juu humfuata wa chini. Mvua ikinyesha, ahirisha tu.

Maji beba lita mbili kwa kila mtu, na nusu yake usiiguse mpaka uanze kupanda. Kupanda kutakula karibu mara mbili ya muda wa kushuka, kwa hiyo geuza mapema. Usitegemee kisima njiani: mchanga wa uwanda hunywa mvua yote, maji yakaibukia chini kabisa. Ndiyo maana kabla ya mradi wa maji wa Makonde kina mama walipanda mteremko huu na mitungi kichwani. Mtafiti Mjerumani Karl Weule aliwakuta wakifanya hivyo mwaka 1906. Ukiwa na goti linalochoka, utawaheshimu.

Barabara ya kuja Newala kupitia Tandahimba ulizia hali yake kabla ya kutoka Mtwara. Chumba pia kiwahi, hasa Oktoba hadi Desemba, minada ya korosho ikipamba moto. Nyota nne kati ya tano. Ya tano inazuiwa na ukingo kukosa uzio, kwa hiyo watoto washikwe mkono.